Bega liliumia mpirani, miezi imepita na bado linauma: namna ya kwenda nalo

Mpira wenyewe ulikuwa unatoka nje. Hilo ndo linaniuma kuliko bega. Mi golikipa wa jioni tu, timu ya mtaa, tulikuwa Shela, hapa kisiwani Lamu, ufukweni maji yametoka, na kule chini mchanga ukishikana unakuwa kama saruji, nikaruka kulia nikautoa kwa vidole alafu nikatua na bega lote. Sikuvunjika, bega halikuchomoka, usiku ule nilikula nikashiba nikalala. Siku ya tatu ndo nikashindwa kuvaa fulana. Ilikuwa wakati wa kusi, kaskazi ikaja ikaisha, bega liko palepale na kila nikipita barazani naulizwa "bado tu?"

Sasa haya ni kwa yule ambaye ameumia zamani kidogo, miezi mitatu na kuendelea, amepumzika, amepakwa, amechomwa sindano, na bado akinyoosha mkono kuchukua kikombe juu ya kabati anaona nyota. Mi si daktari, kazi yangu ni mashua, napeleka wageni Manda na Matondoni, lakini hili bega nimelisomea kwa mwili wangu na kwa yule dada wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, aliyenivumilia.

Kabla ya yote, kuna maumivu ya bega ambayo si ya kukaa nayo nyumbani. Ukianguka ukaona umbo la bega limebadilika, limeshuka au kuna kitu kimetokeza mbele, au tangu uanguke mkono haupandi kabisa hata ukitaka, au vidole vina ganzi na huna nguvu za kushika, nenda hospitali leo hii. Bega likiwa jekundu, la moto na una homa, nenda. Maumivu yasiyokuachia usiku kucha huku unakonda bila sababu, nenda. Na bega la kushoto likiuma pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi, hapo usihesabu kabisa habari ya mpira, huo unaweza kuwa moyo, amsha watu itafutwe boti. Na ukiwa na sukari alafu bega linazidi kukaza kila wiki mpaka hata mtu mwingine akikuinua mkono haupandi, hilo ni bega lililoganda, lina mwendo wake wa pole, linaweza kuchukua mwaka mpaka miaka mitatu, na matibabu yake hayafanani sana na haya yangu. Kaonwe.

Haya, kama hayo yote huna, tuendelee.

Kwa nini bega linachelewa hivi? Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani cha kahawa. Ndo bega lako. Mfupa wa mkono juu una kichwa cha duara kikubwa na kile kikombe kinachokishika ni kidogo na hakina kina, ndo maana mkono unazunguka pande zote kuliko kiungo chochote kingine mwilini, lakini bei yake ni kwamba mifupa haishiki kitu. Kinachoshika chungwa lisianguke ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la mkono, lile fupa bapa la mgongoni, na kano zake, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, zinakizunguka kile kichwa. Ukianguka kano zile zinavutika, nyingine zinachanika kidogo. Kano haiponi kama nyama, damu yake ni kidogo, inachukua miezi. Na huku inapona wewe mwenyewe umeacha kuutumia mkono kwa woga, kwa hivyo misuli inalegea, alafu siku ukiutumia chungwa linasogea juu linabana zile kano, linauma, unaacha tena. Ni kama punda anayezunguka kinu.

Hapo ndo nilikosea mi. Nilikuwa na aina mbili za siku. Siku bega limetulia nilikuwa nafanya kila kitu kwa pamoja, napandisha tanga, nabeba mitungi, jioni nipo golini. Kesho yake silali. Alafu wiki nzima nafunga mkono na leso kama mtoto aliyevunjika. Miezi minne ilienda hivo hivo, na zote mbili ni mbaya, ile ya ushujaa na ile ya leso.

Yule dada aliniambia neno moja nikalishika: "Kaka, usiniambie kama linauma, niambie kesho asubuhi linasemaje." Manake maumivu si lazima yawe uharibifu. Jipe namba, sifuri ni hakuna kitu na kumi ni kulia. Ukiwa unafanya zoezi au kazi ikafika tatu, hata nne, na asubuhi yake bega likawa vilevile lilivokuwa jana, basi kazi hiyo bega limeikubali, irudie. Ikipita hapo, au asubuhi likaamka na hasira kuliko jana, umezidisha, punguza nusu. Punguza nusu, sikusema acha. Watu wengi hapa ndo wanapotea, wakisikia uchungu kidogo wanafunga duka.

Usingizi nao, kwa sababu bila usingizi hakuna kitu kitapona na utagombana na kila mtu nyumbani. Usilalie bega hilo, hiyo unaijua. Usichojua ni kwamba ukilala ubavu wa upande mzima mkono mbovu unaanguka mbele kifuani na unavuta zile kano usiku kucha. Weka mto mbele yako uukumbatie, mkono ukae juu ya mto. Ukilala chali weka kijimto au leso iliyokunjwa chini ya kiwiko na mkono wa juu ili kiwiko kisishuke nyuma. Na kama unalala kitanda cha kamba kilicholegea katikati, kama changu cha zamani, ujue kinakukunja mabega yote mawili kwenda mbele, kaza kamba au hamia kwenye godoro chini kwa muda. Mi nilihamia darini na godoro, upepo mzuri, mbu kidogo, bega likashukuru.

Kuvaa: mkono mbovu unaingia kwanza na unatoka mwisho. Kanzu, fulana, shati, zote. Jambo dogo hili limeniokoa matusi mengi. Kwenye swala, ukiinuka kutoka sijda egemea mkono mzima, na ukisafiri, tuseme unakwenda Mombasa kwa basi toka Mokowe ambayo ni kilomita zaidi ya 300, weka mkoba au mto mapajani kiwiko kipumzike juu yake, usikae na mkono unaning'inia na usivae begi upande huo.

Kazi sasa. Wengi wetu kisiwani hatuna kazi ya kukaa mezani. Kanuni ni moja tu, kiwiko kikae karibu na mbavu. Mzigo uleule ukiushika karibu na mwili na ukiushika mkono umenyooka ni mizigo miwili tofauti kwa bega. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji, beba miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, au mpe punda kazi yake. Nanga usiivute ukiwa umeinama mkono uko mbele, piga goti, vuta kamba kwa hatua fupi karibu na tumbo. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ndo adui yangu, ile ya kunyoosha mikono juu ya kichwa alafu unajitupa nayo chini, siku hizi naishika usawa wa kifua na navuta kwa kurudi nyuma na miguu, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda polepole lakini inapanda. Pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, nimemwachia kijana. Nahodha wangu alicheka siku ya kwanza, "mwanangu, wavuta kamba kama mwenye mimba," nikamjibu mzee wangu nicheke tu, kesho nitakuja kazini. Na nilikuja.

Kazi za juu ya kichwa kama kupaka rangi, kusuka makuti, kuanika nguo kamba ya juu, fanya kwa vipande. Dakika kumi, shuka, tingisha mkono, rudi. Panda juu ya kigoda ili mikono ishuke usawa wa macho.

Mazoezi ndo dawa yenyewe na ndo watu hawataki kuyasikia. Hayahitaji jimu. Nilifanya yangu yote barazani na mlangoni nikisubiri maji yajae.

La kwanza ni la kulainisha, kila asubuhi. Simama, egemea baraza kwa mkono mzima, inama, acha mkono mbovu uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Usiuzungushe kwa nguvu za bega, yumbisha kiwiliwili chako na mkono utajiyumbia wenyewe, mbele nyuma, alafu duara ndogo. Dakika moja au mbili. Baada ya hapo kaa mezani, weka kiganja juu ya leso na uitelezeshe mbele mpaka unapoanza kubanwa, rudi, mara kumi.

La ukutani: simama uelekee ukuta, vidole vipande ukuta kama kaa anavopanda, mpaka pale namba yako inafika tatu au nne, kaa hapo pumzi mbili, shuka. Nilikuwa naweka alama ya chaki kila Ijumaa. Mamangu hakuipenda ile chaki kwenye chokaa yake hata kidogo, lakini ndo ilinipa moyo maana kwa siku huoni kitu, ukitazama wiki sita nyuma unaona alama imepanda karibu shibiri nzima. Hilo ni la maana kuliko unavofikiri. Ukipima kwa uchungu wa leo utakata tamaa, pima kwa kile mkono unachofika.

La kukaza bila kusogeza, hili zuri sana wakati bega bado lina hasira. Simama kwenye fremu ya mlango, kiwiko kimekunjwa kimegusa mbavu, kunja leso uibane kwapani, alafu sukuma fremu kwa nyuma ya mkono kama unataka kufungua nje. Mlango hausogei na mkono hausogei. Sukuma kwa nusu ya nguvu zako tu, shikilia nusu dakika, pumzika, rudia mara tano. Alafu upande wa pili, sukuma kwa kiganja kuja ndani. Mi hili lilinipunguzia maumivu palepale, nikawa nalifanya hata kazini kwenye mlingoti wageni wakinitazama.

Ukishazoea, kama wiki mbili tatu hivi, tafuta tyubu ya zamani ya baiskeli, ikate ukanda mrefu, ifunge kwenye nondo za dirisha usawa wa kiwiko. Simama ubavu, kiwiko mbavuni na leso kwapani vilevile, vuta tyubu kwenda nje, hesabu tatu ukienda na tatu ukirudi. Kurudi polepole ndo kunakojenga, usiiachie ikakurudisha yenyewe. Mara 10 mpaka 15, mizunguko mitatu. Alafu geuka uitazame nondo, vuta tyubu kwa mikono miwili mpaka ubavuni, na huku unabana yale makombe ya mgongoni yakaribiane kama unataka kushika yai katikati. Haya ya tyubu si kila siku, siku tatu kwa wiki zinatosha, kano inataka siku ya kupumzika katikati. Ikiwa rahisi ikunje tyubu mara mbili.

Mwisho pushapu, lakini za ukutani. Alafu za kwenye baraza. Alafu za chini. Kila ngazi kaa wiki kadhaa, usiruke.

Jipe wiki 12 za kweli kabla hujasema haifanyi kazi. Mi nilianza kuona tofauti wiki ya sita hivi na ilikuwa tofauti ndogo ya kuchekesha, nilijikuta nimejikuna mgongo bila kufikiri.

Dawa na mapishi mengine. Paracetamol ni salama ukifuata kipimo, mtu mzima mwenye afya asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na kama ini lako lina shida muulize daktari kwanza. Ibuprofen na diclofenac zinasaidia lakini zinakula tumbo na kuchosha figo, usizinywe tumbo tupu, usizinywe miezi mfululizo, na mwenye pressure, vidonda vya tumbo au figo asiziguse bila kuuliza. Mwezi wa Ramadhani zinywe umeshafuturu na umekunywa maji ya kutosha, si unarudi baharini na jua lote lile hujanywa tone tangu daku alafu unameza mbili mara tu ya adhana. Sindano ya bega, ile ya steroidi, inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndo nafasi ya kufanya mazoezi, si nafasi ya kurudi golini, na kuchomwa mara kwa mara kunaweza kudhoofisha kano.

Barafu ilinisaidia siku za mwanzo na siku nikizidisha. Barafu ya samaki ipo tele, chukua vipande kwenye mfuko, funga na leso, dakika 15, isiguse ngozi moja kwa moja. Kwa bega kukaza asubuhi chupa ya maji moto ni bora. Hakuna siri hapo, tumia kinachokutuliza.

Kukandwa. Hapa nitasema na najua kuna watakaonuna. Mafuta ya nazi yenye karafuu na mikono laini ya mtu anayejua, vizuri, misuli ya shingo inalegea na unalala. Lakini mi nilipelekwa kwa fundi mmoja aliyesema mshipa umepanda juu ya mshipa, akaniwekea mguu kwapani akavuta mkono mpaka nikasikia kitu kinalia. Nilirudi nyuma miezi miwili. Kuvuta bega kwa nguvu kunaweza kuchana kilichobaki, kuumiza neva, hata kuvunja mfupa, na kama limechomoka kweli basi hapo ndo mbaya zaidi, mahali pake ni hospitali. Akandaye akande nyama. Akitaka kuvuta, inuka umwachie salamu.

Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi kano, kwa hivyo usishangae ukiambiwa picha safi na wewe unaumia. Kano zinaonekana kwa ultrasound au MRI. Na hata huko usiogope neno "imechanika", wapo watu wengi hasa wa umri mkubwa wana kano zimechanika na hawana habari, hawajawahi kuumwa. Ukikaa miezi mitatu na mazoezi ya kweli bila kusogea hata kidogo, au bega linachomoka tena na tena, hapo nenda ukaulizie hizo picha na daktari wa mifupa. Vijana ndo hasa, bega likichomoka mara moja umri wa chini ya miaka 20 na kitu, uwezekano wa kuchomoka tena ni mkubwa. Na punguza sigara, inachelewesha kano kupona, hii barazani hawataki kuisikia kabisa.

Kurudi uwanjani nilijiwekea masharti na sikuyavunja ila mara moja, na ile mara moja nililipa. Mikono yote miwili ipande sawa bila kukunja shingo. Niweze kulalia bega usiku mzima. Nipige pushapu 10 za chini bila kufika nne. Ndo nikaanza kudaka nimesimama tu, wiki mbili. Alafu kuruka nikiwa nimepiga magoti, kwenye mchanga laini wa juu, si ule wa chini maji yakitoka. Nikajifunza upya kuanguka, unatua na ubavu na paja mpira uko mbele yako, mkono usitangulie na bega lisipokee mwili wote. Kwa kweli hata kabla sijaumia nilikuwa naanguka vibaya, hakuna aliyetufunza.

Sasa nadaka. Siku za baridi ya kusi linanikumbusha asubuhi, nalipa dakika zake mbili za kuning'inia barazani na tunaendelea. Kurusha mpira kwa mkono juu mpaka katikati ya uwanja bado sifanyi, nampasia beki kwa mguu, na mpira ukiwa unatoka nje nausindikiza kwa macho.